Data chafu ya ubongo, mwacheni mwanafunzi aitazame

Jamani nina jambo na wanaosimamia wanafunzi wa utafiti wa ubongo, hasa hawa wanaofanya mambo ya miunganiko, yaani sehemu ipi ya ubongo inawasiliana na ipi. Mwanafunzi anakuja mpya, siku ya kwanza anapewa programu, anaambiwa bonyeza hapa na hapa, data inaingia chafu huku inatoka safi kule, wiki mbili tu tayari ana picha ya ubongo imejaa mistari ya rangi, kila mstari unadai sehemu mbili zinawasiliana. Muulize sasa huu mstari umetoka wapi, anabaki anakutazama. Simlaumu, hakuna aliyemuonyesha.

Na hii fani yenyewe ilianza na mwanafunzi aliyekuwa anahangaika na uchafu! Bharat Biswal alikuwa anafanya PhD kule Wisconsin, Marekani, anatafuta namna ya kuondoa kelele, yaani ishara zisizotoka kwenye kazi ya ubongo, kwenye data ya MRI, ile mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, na kelele huwezi kuijua bila kumpima mtu aliyejilaza tu kwenye mashine, yuko macho ila hafanyi kitu. Akaona kwenye ishara ya ubongo mawimbi madogo yanayopanda na kushuka taratibu sana, wimbi moja linachukua zaidi ya sekunde 10, na yale ya sehemu inayoendesha mkono upande wa kushoto wa ubongo yanakwenda pamoja na ya upande wa kulia, wakati mtu mwenyewe hajasogeza hata kidole. Mwingine angeyafuta akaendelea na kazi. Yeye akayafuatilia, ikachapishwa 1995, wengi wakasema hayo ni mapigo ya moyo na pumzi tu. Leo watu kibao wanapimwa wakiwa wamejilaza hivyohivyo, kwa sababu ya yale mawimbi: sehemu ambazo mawimbi yake yanakwenda pamoja zinahesabiwa kuwa zimeunganika.

Halafu 2012 ikatokea kinyume chake. Jonathan Power, naye mwanafunzi wakati huo, kule St. Louis, Marekani, akaonyesha na wenzake kwamba kichwa kikisogea kidogo tu, hata chini ya milimita moja, kinatengeneza miunganiko ambayo haipo: sehemu zilizo jirani zinaonekana zimeshikana sana na zilizo mbali zinaonekana zimeachana. Sasa fikiria watoto, ambao kutulia ndani ya mashine ni shida. Watu walikuwa wameshaandika kwamba ubongo wa mtoto uko hivyo na unabadilika akikua, kumbe sehemu ya hayo mabadiliko ni mtoto kutikisika. Na maabara yao wenyewe ilikuwa imeandika hivyo, wakasema wazi. Hilo nawaheshimu sana.

Kwa hiyo kelele inaweza kuwa ubongo na ubongo unaweza kuwa kelele, na programu haikuambii ni ipi. Hata ramani ya ubongo wa nzi wa matunda iliyotoka 2024, nyuroni (seli za neva) karibu 140,000, kompyuta ilichora kwanza halafu watu wakakaa wakarekebisha kwa macho yao, uzi mmoja baada ya mwingine.

Mimi ningependa mwezi wa kwanza mwanafunzi asiguse hiyo programu kabisa. Achukue mtu mmoja, sehemu moja ya ubongo, achore ishara yake mwanzo mpaka mwisho, chini yake aweke grafu ya jinsi kichwa kilivyosogea. Utaona mstari unakwenda polepole kama mtu anapumua usingizini, mara unaruka, ukiangalia chini kichwa nacho kimeruka palepale, labda amemeza mate. Ukishaona hivyo mara 20 hutaangalia tena zile picha za rangi kwa macho yaleyale.

Kuna mwanafunzi mmoja alifanya hivi karibu na mwisho wa kazi yake, akaondoa vipande vyote ambavyo kichwa kilisogea, zaidi ya nusu ya mistari ikapotea. Alilia, na msimamizi wake alinuna. Nilikaa naye tukapitia iliyobaki, ilikuwa michache, ila kila nilipoweka kidole alinieleza umetoka wapi.