Gia ya plastiki: chembe za nano zitaizuia kulika, au vumbi la Nairobi litashinda?

Kwenye benchi la fundi wa printa pale Luthuli Avenue hukosi kuona kopo la gia zilizokufa. Kuna zile ambazo meno yamelika hadi yakachongoka kama ya msumeno. Kuna ambazo jino moja limekatika na mengine yote ni mazima. Na kuna zilizolainika zikapinda kwa joto. Mwenye mashine huambiwa tu kwamba gia imeisha, alipe nyingine. Lakini haya ni maradhi matatu, na ndiyo maana nikisikia kwamba dawa ya gia za plastiki ni kuzichanganyia chembe za nano, swali langu la kwanza ni: dawa ya ugonjwa upi?

Wanaozitetea chembe hizi wana hoja nzito. Gia nyingi ndogo hutengenezwa kwa nailoni au asetali, plastiki zinazoteleza vizuri hata bila grisi, hazishiki kutu na hazipigi kelele. Adui wa plastiki hizi ni joto. Chuma cha kawaida hupitisha joto zaidi ya mara mia moja kuliko nailoni, kwa hiyo joto la msuguano hubaki palepale kwenye jino. Nailoni huyeyuka kwenye nyuzi joto 220 hadi 260 hivi za Selsiasi kutegemea aina yake, lakini hulegea mapema sana, kwenye nyuzi 50 au 60 tu, na ikiwa imenyonya unyevu hulegea hata kabla ya hapo. Jino lililolegea hulika upesi.

Hapo ndipo chembe za nano zinapoingia, vitu visivyozidi nanomita 100 ilhali unywele wa binadamu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Nanotubu za kaboni (vijibomba vyembamba mno) na grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja) husaidia kutawanya joto na kuikaza plastiki. Chembe hizo pia huweza kuusaidia utando mwembamba wa plastiki ushike kwenye gia mwenza ya chuma, ili plastiki iteleze juu ya plastiki. Mara nyingi asilimia 1 hadi 5 inatosha, wakati nyuzi za glasi hutiwa hata asilimia 30, nazo huikwaruza gia mwenza. Wala si ndoto za maabara pekee: Toyota ilitumia nailoni yenye tabaka za udongo za kiwango cha nano kwenye kifuniko cha mkanda wa taimingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha kwamba Teflon iliyochanganywa na chembe za alumina, yaani oksidi ya alumini, inaweza kupunguza ulikaji zaidi ya mara elfu moja.

Mara elfu moja! Nami ilinisisimua nilipoisoma. Lakini jaribio lile lilikuwa la kipande kidogo kikisugua bamba la chuma huku na huku. Jino la gia hubiringika na kuteleza kwa pamoja, hupokea mzigo ghafla kila mzunguko, na hupindwa kwenye shina lake. Plastiki isiyolika inaweza bado kukatika shinani.

Halafu kuna vumbi, na hapa naomba tukae kidogo. Vumbi la barabara zetu limejaa punje za mchanga wa kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Zikiingia kwenye grisi ya mota ya waipa au ya dirisha la gari, grisi inageuka kuwa msasa. Plastiki hustahimili ukwaruzaji wa aina hiyo kwa kunyumbulika: punje inapita, jino linabonyea na kurudi. Ukiikaza kwa vichanganyio, mara nyingi unaipunguzia uwezo wa kuvutika kabla ya kupasuka, na punje ileile sasa inang'oa kipande. Yaani gia inayoshinda kwenye maabara safi inaweza kushindwa na ya kawaida kwenye vumbi la Kirinyaga Road. Ningetaka wauzaji wa plastiki hizi waulizwe jambo hili kabla ya lolote jingine.

Kuna jambo jingine ambalo fundi mzoefu analijua. Kwenye baadhi ya mashine, gia ya plastiki huwekwa makusudi iwe ya kwanza kukatika, ili mota ipone. Ukiiimarisha kupita kiasi, umehamishia hasara kwenye kifaa cha bei kubwa zaidi.

Je, tunaweza kuzitengeneza gia hizi za nano wenyewe, tuseme kwenye karakana za Kariobangi Light Industries? Kalibu si tatizo, vijana wanazichonga. Kazi ni kuchanganya. Chembe za nano hupenda kushikana, na bonge moja ndani ya jino ndilo huwa mwanzo wa ufa. Kuzitawanya kunahitaji mashine ya skrubu mbili yenye nguvu, si ndoo na mwiko. Tena poda yenyewe si ya kuchezea: mwaka 2014 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka aina moja ya nanotubu za kaboni, MWCNT-7, kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Ikishafungwa ndani ya plastiki hatari hupungua, lakini anayeimimina anaivuta puani. Kama ni lazima, tununue punje za plastiki zilizokwisha kuchanganywa na nano.

Kwa gia ya printa, iliyofunikwa, yenye mzigo mdogo na joto jingi, mimi nakubali nano zina nafasi, hasa pale spea haipatikani na printa nzima inatupwa kwa sababu ya gia ya ukubwa wa sarafu. Kwa mota ya waipa bado. Huko kwanza nabadilisha grisi, naziba mwanya wa vumbi, na nahakikisha nailoni haisagani na nailoni mwenzake, maana plastiki za aina moja hulana. Nailoni na asetali huelewana zaidi.

Jaribio la kuamua halihitaji maabara kubwa. Karakana ya chuo cha ufundi inaweza kutoa gia mbili kutoka kalibu moja, moja yenye nano na nyingine bila, ikazifunga kwenye mota mbili zinazofanana, ikatia kwenye grisi kijiko cha vumbi lililofagiwa barabarani, kisha ikahesabu mizunguko hadi jino la kwanza liishe.