Kumlea mwanafunzi mpaka PhD halafu je? Mvutano wa programu za NIH Marekani

Mwaka 2025 NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayomwaga hela nyingi kwenye utafiti wa tiba, ilifuta programu za mafunzo kama MARC na IMSD zilizokuwa zinawashika mkono wanafunzi weusi, Walatino na wenyeji wa asili mpaka wafike PhD. Wapo walioshangilia na wapo walioumia, mi nipo upande wa walioumia ila naona hata sisi kuna jambo tunaliruka.

Hoja ya walioshangilia si ya kupuuza jamani. Hela ni ya mlipa kodi, sasa kwa nini rangi ya mtu ndo imfungulie mlango? Kwenye karatasi NIH iliwahesabu pia waliotoka familia duni na wenye ulemavu, lakini watu wengi waliona ni suala la rangi tu, na kuna wanafunzi wenyewe waliochoka kutazamwa kwenye labu (maabara) kama wamebebwa wakati wanakesha na sampuli kama wenzao.

Sasa nenda UMBC, chuo kikuu kimoja kule Maryland. 1988 Freeman Hrabowski alianzisha Meyerhoff Scholars, programu ya kulea wanafunzi wa sayansi, kwa hela ya mfadhili Robert Meyerhoff, mwaka uliofuata wakaingia vijana 19, wote wanaume weusi. Pale hakuna kubebwa, kabla chuo hakijafunguliwa wanakusanywa wanapigishwa hesabu na sayansi, wanasoma kwa vikundi, wanatafutiwa labu mapema, na ukianza kuyumba kwenye somo unafuatwa mpaka ulipo. Kizzmekia Corbett, mmoja wa wanasayansi waliobuni chanjo ya korona ya Moderna, kapita hapo. Na 1996, baada ya mahakama ya rufaa kuikataa skolashipu ya weusi pekee ya chuo kingine cha Maryland, Meyerhoff ikafungua milango kwa rangi zote na haikufa, ikaendelea kutoa wanafunzi weusi wengi wanaoenda kusoma PhD. Vyuo vikuu vya Penn State na UNC Chapel Hill wakaiga mfumo huo na wao ukawakubali. Kwa hiyo anayelalamikia ubaguzi alikuwa na jibu tayari, fungua kwa wote ila usilegeze malezi, kufuta kabisa ni kumwadhibu mwanafunzi kwa kosa la masharti ya fomu ya kuomba.

Upande wetu sasa. Tunaongea kana kwamba ukimpa kijana mlezi mzuri mengine yatajipa, wakati utafiti uliotoka 2016 ulionyesha kuwa toka 1980 hadi 2013 wahitimu wa PhD za tiba kutoka makundi haya ya weusi, Walatino na wenyeji wa asili waliongezeka karibu mara tisa, ila ajira za uprofesa kwenye idara za sayansi za vyuo vya udaktari hazikufuata kasi hiyo hata kidogo, manake watu wapo, wamefundishwa, wamelelewa, af hawaajiriwi. Na aliyeajiriwa naye ana mlima wake, 2011 jarida la Science lilionyesha waombaji weusi walikuwa na nafasi ndogo, pungufu kwa pointi kama 10 za asilimia, ya kupata ruzuku ya NIH hata ukilinganisha elimu na machapisho yao. 2019 ikaonekana sehemu ya pengo hilo ni mada, wengi wao wanaomba kutafiti afya ya jamii na tofauti za kiafya, mada ambazo hazipati hela kirahisi. Mlezi atamwambia nini hapo, abadilishe mada iliyomleta kwenye sayansi?

Halafu nani analea? Mara nyingi ni yule profesa mweusi mmoja wa idara, kila mwanafunzi anapelekwa kwake, kila kamati inamtaka, na ukifika wakati wa kupandishwa cheo wanahesabu machapisho tu. Hili linaniuma kweli.

Ningekuwa na sauti ningesema malezi yarudi, wazi kwa wote kama Meyerhoff, lakini idara inayopokea hela ya kufundisha itoe hesabu ya nani imemwajiri na nani imempandisha, na saa za kulea ziingie kwenye hesabu ya cheo kama yanavyoingia machapisho.