Mtihani Mmoja kwa Watoto Wote: Niyaonayo Columbus, Niliyoyaacha Lamu

Huu ni mwaka wa tisa tangu niondoke Langoni, Lamu, nikaja Columbus, Ohio, ambako ninamsaidia mwalimu wa darasa la watoto wenye ulemavu. Ufikapo mwezi wa Aprili, kazi tuliyoianza Agosti husimama, kwa kuwa sheria ya Marekani inataka kila mtoto wa darasa la 3 hadi la 8 afanye mtihani wa kusoma na wa hesabu kila mwaka. Mtihani mbadala upo, lakini ni wa wenye ulemavu mkubwa zaidi wa akili, na jimbo halipaswi kuvuka asilimia 1 ya watahiniwa wote.

Mvulana mmoja wa darasa la 5, ambaye husoma kama mtoto wa darasa la 2, hakuingia katika asilimia hiyo. Mwaka mzima mwalimu wake alimfundisha kuomba mapumziko kwa maneno badala ya kujipiga kichwani, akaweza. Siku ya mtihani alilikodolea macho swali la kwanza mpaka machozi yakamtoka, na ripoti ikaandika kwamba hajafikia kiwango. Hapakuwa na mahali pa kuandika lile aliloliweza. Tangu sheria ya 2015, serikali kuu haiwezi tena kulazimisha majimbo yawahukumu walimu kwa alama za wanafunzi, lakini matokeo ya watoto wenye ulemavu hutangazwa kama kundi, na kundi likianguka macho yote hugeukia mlango wetu. Nimewaona walimu wema wakiomba kuhamishiwa madarasa ya kawaida, na sikuweza kuwalaumu.

Hata hivyo siwezi kuilaani sheria hiyo. Inataka angalau asilimia 95 ya wanafunzi wafanye mtihani, wenye ulemavu wakiwamo, ili shule isipate njia ya kuwaficha. Kwetu nilishuhudia kinyume chake. Enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, mtoto wa shangazi yangu, mzito wa kujifunza, aliambiwa na shule yake asijiandikishe kwa mtihani kwa kuwa angeshusha wastani. Alibaki nyumbani, na hakuna aliyeulizwa. Huku mtoto analazimishwa kuingia, kule alizuiwa, na naona chanzo ni kimoja: alama imekuwa mali ya shule, si ya mtoto.

KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. Mtaala mpya wa Kenya una njia ya hatua, ambapo mtoto hupanda hatua badala ya madarasa, kwa wanafunzi wasioweza kufuata masomo ya kawaida, nao hupimwa kwa tathmini yao wenyewe. Watahiniwa wasioona hupewa karatasi za nukta nundu na muda wa ziada. Ni hatua kubwa, ingawa mzazi wa Kizingitini ambaye huduma anayoihitaji iko kisiwa kingine lazima kwanza apate nauli ya boti.

Huku kila mtoto wa darasa letu ana mpango wake ulioandikwa, jambo linalotokana na sheria ya 1975, na wenzangu hudhani ni geni kwangu. Chuoni kwetu Lamu, yaani madrasa ya Kurani, mwalimu alimsikiliza kila mtoto peke yake: huyu yuko kwenye alifu, yule kwenye Juzuu Amma, na aliyechelewa alirudia ukurasa wake bila kulinganishwa na mwenzake. Kinachonishangaza ni kwamba tulilijua hilo chuoni asubuhi ya Jumamosi, tukalisahau shuleni Jumatatu.

Wiki iliyopita dada yangu alinipigia simu kuuliza kama ampeleke binti yake, ambaye ana matatizo ya kujifunza, kwenye tathmini ya darasa la 6. Nimemwambia ampeleke, na wakati wa kuzungumza na mwalimu aende na daftari la mtoto la mwaka mzima, lile ambalo kurasa za mwanzo ni mistari iliyopinda tu, na ukurasa wa mwisho ameandika jina la mama yake.