Usitikisike Hata Ukucha

Anayetaka kukumbuka ndoto zake hushauriwa anywe maji kabla ya kulala, kibofu kimwamshe usiku ndoto ikiwa bado mbichi. Nilikunywa. Kibofu kilitimiza wajibu wake bila ajizi, ila kila nikifika chooni najikuta peke yangu. Ndoto imebaki kitandani.

Si kwamba siotagi. Watu karibu wote tunaota kila usiku, kinachotushinda ni kukumbuka. Ndoto zenye vituko huja zaidi katika ule usingizi ambao macho yanacheza chini ya kope, waliouelezea watafiti Aserinsky na Kleitman kule Chicago mwaka 1953. Hurudi takriban kila dakika 90, na kadiri kunavyokaribia kucha ndivyo unavyorefuka. Kwa maneno mengine, kengele ya alfajiri inakukatia utamu wenyewe.

Nikaweka daftari na kalamu kando ya mto. Usiku nikaandika gizani, nikalala nimeridhika kabisa. Asubuhi nakuta mistari imepandana, neno linalosomeka ni moja tu: "kwato". Kwato za nani? Nikajiliwaza kwa Otto Loewi, mwanasayansi aliyeota jaribio la moyo wa chura, akaandika usiku, asubuhi mwandiko wake mwenyewe ukamshinda. Bahati yake ndoto ilimrudia usiku uliofuata, akaamka akakimbilia maabara, na mwaka 1936 akapewa Nobeli. Mimi kwato hazikurudi.

Ikabaki mbinu ambayo wajuzi wanaiapia: ukizinduka, usitikisike. Usifumbue macho, usijigeuze, baki hivyo hivyo ulivyo, kisha uivute ndoto taratibu kuanzia mwisho wake. Ukijinyoosha tu, imeponyoka.

Jumamosi moja nikazinduka nayo nzima. Kulikuwa na ngazi, na juu ya ngazi mtu aliyenipa mgongo, ameshika kiatu changu. Nikatulia tuli: chali, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia nje ya kitanda.

"Baba Neema."

Kimya. Yule wa ngazini alikuwa anaanza kugeuka.

"Baba Neema, saa mbili hii!"

Mke wangu akauinua ule mkono wangu, akauachia. Nami kwa utiifu wa mbinu nikauacha uanguke, pu! Akainama, akaweka sikio puani kwangu. Nywele zake zikanitekenya, nikabana pumzi nisije nikapiga chafya na kupoteza kila kitu.

Alipiga ukunga ambao nadhani uliamsha hata waliokuwa wamelala usingizi wa haki. Shemeji yangu, aliyekuwa amelala sebuleni, akaingia mbio na ndoo. Si kikombe, ndoo. Hakuuliza mgonjwa ana nini. Alinimwagia yote, kuanzia usoni, akamalizia na daftari. Nikaketi nakohoa, maji yananitoka puani, na mke wangu badala ya kufurahi kwamba mumewe yu hai, akanipiga na mto.

"Kwa hiyo ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakumbuka ndoto."

Akanipiga tena. Shemeji akasema, kwa sauti ya mtu aliyefanya wema, kwamba maji ya baridi ni dawa.

Hasira ilipompoa, ndipo akaeleza kwa nini alishtuka kiasi kile. Usiku mzima alikuwa anaota nimekufa. Yeye hanywi maji, hana daftari, lakini alinisimulia msiba wangu mwanzo mwisho: nani alikaa na nani, nani alikuja na kilemba kisichomfaa, jirani aliyelala katikati ya hotuba, na kaka yake aliyeanza kupima viatu vyangu hata kaburi halijafukiwa.

Nikamgeukia shemeji. Alikuwa ameinama anakamua pazia ambalo halikuwa limelowa sana.

"Na nani alilia kuliko wote?" nikamwuliza mke wangu.

Akafikiri kidogo. "Hapo ndoto ilikuwa haijafika."