Una D ya Hisabati? Usichague Kozi kwa Jina Lake

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali huwa ni lile lile: "Nina PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), divisheni two ya pointi 11, Hisabati nina D. Nikaisome chuo au niachane nayo?" Kuna wanaomjibu kwamba D inaingia popote, ajaze tu fomu. Kuna wanaomwambia Hisabati ni ya wenye A. Wote wanazungumzia mlango. Kinachowatoa watu chuoni ni semista ya kwanza, na huko herufi peke yake haisemi mengi.

Lakini mlango nao una mtego wake. NECTA, Baraza la Mitihani, huhesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4 na E 5, ndogo ndiyo nzuri. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu inayosimamia udahili, hugeuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Tena TCU haijumlishi kombi nzima. Kwa kawaida inachukua masomo mawili yanayotajwa na kozi unayoomba, na kima cha chini cha kawaida ni pointi 4.0. Chukua mwenye Fizikia D, Kemia C, Hisabati D. Kwa NECTA ana 11. Akiomba kozi inayodai Hisabati na Fizikia, ana 4.0 kamili, kapita kwa kukwaruza. Akiomba inayodai Hisabati na somo lolote kati ya Fizikia, Kemia au Uchumi, ana 5.0. Mtu ni yule yule na cheti ni kile kile. Kilichobadilika ni "na" kuwa "au" kwenye mstari mmoja wa mwongozo wa udahili.

Basi mwongozo usomwe hivyo, neno kwa neno. Ukimaliza masharti, tazama safu mbili nyingine: pointi za chini za chuo chenyewe, ambazo zinaweza kuzidi 4.0, na idadi ya nafasi. Kufikisha pointi za chini ni ruhusa ya kushindana tu. Kozi yenye nafasi chache ikijaa watu wa pointi 8, wewe wa 4.0 utasubiri dirisha la pili la maombi. Na aliyesoma BAM, ile hisabati ndogo ya nyongeza, asijidanganye: kozi inayotaka Hisabati ya juu haiikubali BAM badala yake.

Sasa twende kwenye D yenyewe, maana D hazifanani. Kwa muundo wa mtihani wa miaka ya karibuni, karatasi ya kwanza ina maswali kumi, yote ya lazima: kikokotoo, linia programingi, takwimu, seti, mbinu za kinamba, integresheni na wenzake. Karatasi ya pili ina maswali manne ya lazima, yakiwamo mantiki, vekta na namba changamano, halafu unachagua mawili kati ya manne ya mwisho. Mtu anaweza kukusanya alama zake karibu zote kwenye karatasi ya kwanza, akaikimbia aljebra na ile milinganyo yenye dy/dx ndani yake, na bado akapata D au hata C. Mwingine anapata D hiyo hiyo kwa sababu alifanya vizuri mantiki na aljebra, ila mahesabu marefu yakammalizia muda. Cheti hakiwatofautishi. Chuo kitawatofautisha ndani ya wiki sita.

Sababu ni kwamba hisabati ya chuo hubadilisha aina ya swali. Shuleni unaulizwa: (2n+1)/n inakaribia namba gani n inapokua bila kikomo? Unajibu 2, unapewa alama. Chuoni unaambiwa: thibitisha kwamba mfuatano wa namba ukiwa na kikomo, yaani namba unayoikaribia, kikomo hicho ni kimoja tu. Hapo hakuna namba ya kutafuta. Unajifanya kwamba viko viwili, L na M, visivyo sawa. Unachukua nusu ya umbali kati yao. Unaonyesha kwamba kuanzia mahali fulani kila neno la mfuatano liko umbali mdogo kuliko nusu hiyo kutoka L, na vile vile kutoka M. Ukijumlisha, umbali wa L hadi M unatoka mdogo kuliko umbali huo huo. Haiwezekani, kwa hiyo vikomo viwili havipo. Ni mistari sita, na kikokotoo hakina kazi.

Wengi hukwama hapa kwa sababu wamezoea pasti pepa. Shuleni ukifanya mitihani ya miaka kumi iliyopita, sura ya maswali inajirudia, kukariri kunalipa. Chuoni mhadhiri akibadilisha sharti moja tu, uthibitisho uliokariri haufungui tena kitu. Ndipo zinapoanza sapu, yaani mitihani ya marudio, na baada ya sapu kukeri, yaani kulibeba somo hadi mwaka unaofuata.

Kuna kipimo cha bure cha kufanya kabla ya kuomba. Tafuta uthibitisho kwamba mzizi wa 2 hauwezi kuandikwa kama sehemu p/q ya namba nzima. Usome, funga daftari, kaa siku mbili, uandike upya bila kuchungulia. Kisha uandike wa mzizi wa 3 mwenyewe. Kisha jaribu hatua zile zile kwa mzizi wa 4, ambao sote tunajua ni 2, na useme ni hatua ipi hasa inayovunjika na kwa nini. Ukiipata ndani ya wiki, hata kwa kuhangaika, D yako isikutishe. Omba shahada ya Hisabati tupu. Ukiona wiki nzima imekuchosha bila kukuvutia, hilo nalo ni jibu, hata kama una B.

Kwa wasiovutiwa na uthibitisho lakini wanaopenda namba, maoni yangu ni kuchukua hisabati iliyofungwa na fani nyingine. Takwimu ndiyo ya kwanza kuangalia, na mbali na vyuo vikuu kipo chuo cha EASTC Dar es Salaam ambacho kazi yake ni hiyo. Ualimu wa sayansi na hisabati, kama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) au vyuo vyake vishiriki vya DUCE na MUCE, una faida ya kukupa sifa ya kufundisha moja kwa moja. Aliyesoma Hisabati tupu atahitaji stashahada ya uzamili ya ualimu juu yake. Ila usidhani ni hisabati nyepesi, maana mara nyingi mihadhara ni ile ile. Takwimu bima (actuarial science), yaani hesabu za hatari za bima na pensheni, ina jina tamu kuliko zote, na watu huiingia kwa jina hilo. Shahada haikufanyi mtakwimu bima. Kuna mitihani ya vyama vya kitaaluma vya nje, kama ile ya Uingereza, inayolipiwa karatasi moja moja kwa pauni.

Kozi yoyote utakayoifikiria, omba orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili, uhesabu: mangapi ni ya uthibitisho, mangapi ni ya kukokotoa, na kama kuna programu za kompyuta kabla ya mwaka wa tatu. Hesabu hiyo inagusa GPA, wastani wa alama zako za chuo, ambao mwisho wake ni 5. Kwa kawaida shahada ya uzamili inataka angalau 2.7, daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na anayetaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi anatakiwa 3.8. Mwenye 3.6 ya Takwimu ana milango mingi kuliko mwenye 2.3 ya Hisabati tupu, hata kama huyu wa pili amesoma mambo magumu zaidi.

Ukishaingia ukaona umekosea, kuhama kozi kunawezekana wiki za mwanzo tu. Kozi unayohamia lazima iwe na nafasi, na lazima uwe na sifa zake za kuingilia. Ndiyo maana siku ya kuomba, andika pembeni kozi mbili za chuo hicho hicho ambazo pointi zako zinazifikia. Kama una mkopo, hakikisha uhamisho umefika HESLB, Bodi ya Mikopo, pia, si idarani tu.