Wale jamaa wa sweta nyeupe na zile dakika 16

Ukikaa na watu wanaoupenda muziki wa asili wa Ireland kiukweli, ukiwatajia The Clancy Brothers na Tommy Makem, wale ndugu watatu na rafiki yao walioimba pamoja New York, baadhi yao wanakunja uso kabisa, wanakwambia hao ndio walioharibu, walichukua nyimbo za wazee wakazigeuza kelele za baa za New York. Nawaelewa, ila naona wanawaonea.

Hoja yao ina uzito. Uimbaji wa zamani wa kule ni sauti moja tu bila chombo, mwimbaji anavuta neno anavyojisikia, anaizungusha sauti, waliokaa wananyamaza wanasikiliza. Hawa wakaja na gita na banjo, mdundo ukanyooka, kiitikio ukumbi mzima unapiga makofi, na yale madoido ya sauti yakapotelea humo humo. Halafu zile nyimbo za pombe, wakati Marekani Muairishi alishaonekana mlevi tangu zamani. Hata sweta walizovaa jukwaani, zile nyeupe nzito za sufu, wanasema si za kwao, asili yake ni visiwa vya Aran baharini huko magharibi, wakati Paddy, Tom na Liam Clancy ni watoto wa Carrick-on-Suir kule Tipperary, Makem naye wa Keady, Armagh, juu kaskazini.

Lakini sweta zilikujaje? Mama yao Clancy alisikia baridi ya New York inauma akawatumia wanawe, meneja akaziona akasema basi hii ndiyo sare. Na kuimba kwenyewe hakukuwa mpango, Paddy na Tom walikwenda kutafuta uigizaji, wakaanza kuimba usiku ili wapate hela ya kulipia ukumbi wa maigizo.

Sasa njoo tarehe 12 Machi 1961, shoo ya Ed Sullivan, kipindi cha televisheni kilichotazamwa Marekani nzima. Msanii mmoja aliyepangwa akakosekana, wakaambiwa waendelee tu, wakaimba kama dakika 16. Dakika 16 jamani! Kipindi chenyewe ni saa moja pamoja na matangazo, yaani zaidi ya robo ya kipindi Marekani inatazama jamaa wanne wa sweta wakiimba nyimbo walizozikuta nyumbani, wakati msanii wa kawaida alipewa wimbo mmoja miwili akashuka. Mimi hizo dakika huwa nazirudia sana kichwani, kwa sababu wimbo mmoja ungepita kama kichekesho, ila kwa dakika 16 mtu anaanza kusikiliza maneno.

Na nyumbani je? Miaka ya 1950 watu kama 400,000 walihama Ireland, kazi hakuna, na kwa wengi waliobaki mjini nyimbo hizi zilikuwa za ushamba na za umaskini, vijana walitaka bendi za dansi zenye suti. Wanaolalamika kwamba Clancy waliuharibu utamaduni wanasahau kuwa wenye nao walishaanza kuuonea aibu. Waliporudi Ireland kuimba mwanzoni mwa miaka ya 60 kumbi zilijaa, ghafla kila kona kuna kikundi cha gita na nyimbo za zamani, The Dubliners wakaanza 1962. Ndiyo, ilibidi Wamarekani wapige makofi kwanza, inauma kukubali, ila bila hivyo sioni nani angewashtua.

Kingine, huyo Makem hakuokota nyimbo barabarani. Mama yake, Sarah Makem, alikuwa hazina, nyimbo mamia kichwani, anaimba jikoni kwake Keady na wakusanyaji wa nyimbo za asili wanamfuata na mashine za kurekodia. Mwaka 1955 mkusanyaji mmoja wa kutoka Marekani alifika pale kumsikiliza huyo mama akiwa amefuatana na Liam Clancy, na hapo ndipo Liam na Tommy walipojuana. Kwa hiyo wale wa nyimbo safi na wale wa banjo walikutana nyumba moja, ndiyo maana mimi huo ugomvi siuoni.

Tena mwaka 1968, Tommy akiwa ameshajaza kumbi Marekani, London ikatoka santuri ya mama peke yake, sauti tupu bila gita wala banjo, anaimba vilevile kama jikoni kwake.