Mume Kaachishwa Kazi, Mke Ana Mshahara: Fao Lihesabiweje?

Pasaka ikipita na mvua za masika zikianza, mahoteli mengi ya Malindi na Watamu hupunguza wafanyakazi, na mengine hufunga kabisa mpaka katikati ya mwaka. Wapishi, wahudumu wa mezani na wasafisha vyumba hurudi nyumbani Maweni, Barani, Muyeye na Kisumu Ndogo wakiwa wameambiwa watapigiwa simu. Katika nyumba nyingi hubaki mmoja anayekwenda kazini: mwalimu wa chekechea, karani, muuguzi wa zahanati. Kenya haina fao la kumpa huyo aliyerudi nyumbani. Lakini Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na madai ya kuwa na bima ya kukosa kazi hayajafa. Siku itakapokuja, swali litakalotugombanisha mapema ni hili: kama mwenzi wake ana kazi, apewe au asipewe?

Wanaosema asipewe wana hoja nzito, na si haki kuipuuza. Fungu lolote litakalotengwa halitatosha wote. Weka nyumba mbili jirani pale Muyeye. Ya kwanza, mume kaachishwa na mke ana mshahara wa kaunti. Ya pili, mwanamke aliyeachika ana watoto wanne, alikuwa akifua nguo za hoteli kwa kibarua, na sasa hata hicho hakipo. Ukiwapa wote kiasi kimoja kwa sababu wote hawana kazi, umemnyima mwenye njaa ili kumwongezea aliyekwisha kula. Chakula hakipikwi kwa kila mtu chungu chake, kodi ya nyumba ni moja, na mita ya umeme ni moja. Kwa nini basi serikali ijifanye haioni mshahara unaoingia mlango uleule?

Hoja hiyo ina nguvu pale pesa inapotoka kwenye kodi ya wote na lengo lake ni kuzuia ufukara. Inapungua nguvu pale pesa inapotoka kwenye mifuko ya wenyewe.

Tazama karatasi ya mshahara. Mume na mke wameajiriwa, kila mmoja anapata Sh30,000. Kabla hata ya kodi ya mapato, mume anakatwa asilimia 6 ya NSSF, mfuko wa pensheni, yaani Sh1,800, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA, Sh825, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, Sh450. Jumla Sh3,075. Mke naye anakatwa Sh3,075 nyingine. Hakuna anayemwambia mke, "Mumeo kashachangia, wewe pumzika." Hata kwenye SHA, ambako mchango wa mmoja ungetosha kumhesabu mwenzake na watoto, wote wawili waliosajiliwa kazini hukatwa. Wakati wa kuchanga tunahesabiwa vichwa. Ikiwa wakati wa kulipwa tutahesabiwa nyumba, basi wanandoa wenye kazi watakuwa wamenunua bima mbili na kuruhusiwa kutumia sifuri. Mimi naona hapo ndipo dhuluma ilipo, na sijasikia jibu la kuridhisha kutoka kwa wanaotaka kuhesabu nyumba katika kila hali.

Nchi zilizoanza zamani zimeligawa jambo hili. Uingereza ina fao linalotokana na michango ya bima ya taifa: hulipwa hadi miezi sita, na mshahara wa mwenzi hauguswi wala akiba yake haiulizwi. Pembeni yake ipo Universal Credit, msaada wa wenye kipato kidogo unaotoka kwenye kodi. Huko wanandoa wanaoishi pamoja huomba kwa pamoja, hata kama hawajafunga ndoa. Wakiwa na akiba inayozidi pauni 16,000 mlango hufungwa, na mshahara wa mwenzi hupunguza malipo kwa peni 55 katika kila pauni, ingawa wenye watoto huachiwa sehemu ya kwanza ya mshahara bila kuguswa. Ujerumani nayo ina ngazi mbili. Ya kwanza humlipa aliyechangia asilimia 60 ya mshahara wake baada ya makato, au 67 akiwa na mtoto, bila kujali mkewe anafanya nini. Ngazi ya pili, ya wasio na haki ya ile ya kwanza au walioimaliza, ndiyo inayohesabu nyumba nzima.

Austria ina funzo lake. Kwa miaka mingi, aliyemaliza fao lake la kwanza alipewa msaada wa dharura uliopunguzwa kwa kipato cha mwenzi wake. Waliopunguziwa au kunyimwa kabisa walikuwa wanawake zaidi, kwa sababu waume zao ndio waliokuwa na mishahara mikubwa. Julai 2018 sharti hilo likaondolewa. Na karibu nasi, Tanzania, fao la kukosa ajira lililokuja na mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya 2018 humpa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Linauliza umechangia muda gani na kama uliacha kazi mwenyewe. Mwenzi wako hahusiki.

Hapa Pwani kuna jambo ambalo watunga sheria wa Ulaya hawakulazimika kulifikiria. Nyumba nyingi za Malindi na Lamu huendeshwa kwa sheria ya Kiislamu, na Katiba inazitambua Mahakama za Kadhi katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Katika sheria hiyo, masurufu ni wajibu wa mume. Mshahara wa mke ni mali ya mke. Akitoa kwa ajili ya nyumba, ni hisani yake. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, mume akishindwa kabisa kumkimu mkewe, mke anaweza kuomba ndoa ivunjwe. Sasa serikali ikimnyima mume fao kwa sababu mkewe ni mwalimu, imemwambia mke kwamba kumlisha mumewe si hisani tena. Imemtwika mzigo ambao kadhi hawezi kumtwika. Najua wake wengi wameubeba mzigo huo bila kulalamika. Mwaka 2020 ndege zilipositishwa na mahoteli kufungwa, wengi waliuza mahamri na viazi karai ili watoto wale. Lakini hiari ya mtu haifai kugeuzwa sababu ya kumnyima mwingine haki aliyoilipia.

Mtu aweza kujibu kwamba sheria ya nchi ni ya Wakenya wote, haiwezi kufuata fiqhi ya kila mji. Kweli. Ila ugumu wa kuhesabu nyumba hauishii kwa Waislamu. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya wake wengi, kwa mila na kwa Uislamu. Mwanamume mwenye mke Mambrui na mwingine Gongoni, mshahara wake uhesabiwe nyumba ipi? Bi mkubwa akiachishwa kazi, aambiwe mume wake ana kipato, hali kipato hicho kinagawanywa nyumba mbili na pengine kinamfikia kwa zamu? Kisha kuna nyumba za kupanga zenye vyumba sita na familia sita, zinazotumia choo kimoja na bomba moja. Afisa akija na fomu, ataamua vipi nani ni mwenzi na nani ni mpangaji? Popote fao linapotegemea jibu la swali hilo, watu huanza kujificha. Mume huandikishwa kwa mamake, ndoa hufichwa, na majirani huchongeana.

Nisiseme kana kwamba upande wa kuhesabu mtu mmoja mmoja hauna kasoro. Kubwa ni kwamba unawafaa wenye karatasi ya mshahara, na hao si wengi kwetu. Baharia anayelipwa sehemu ya samaki, kijana wa ufukweni, mama wa viazi, dereva wa boda, kibarua wa mashamba ya chumvi: hawa hawajachangia mfuko wowote wa namna hiyo. Mfanyakazi wa hoteli mwenye mkataba wa msimu naye yuko karibu nao kuliko anavyodhani. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa anayepunguzwa kazi malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya, lakini mkataba ukiisha tarehe yake hilo halimhusu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni wa ngazi mbili. Aliyechangia alipwe kwa jina lake, kwa muda mfupi unaojulikana, miezi sita kwa mfano, na jina la mwenzi lisiwe hata kwenye fomu. Msaada wa asiyechangia, unaotoka hazina, uangalie nyumba, kwa sababu hapo yule mama wa Muyeye lazima atangulie. Lakini hata huko, sehemu nzuri ya mshahara wa mwenzi iachwe bila kuguswa. Ikihesabiwa shilingi kwa shilingi, mke mwenye kibarua cha Sh8,000 ataona kwamba kufanya kazi na kukaa nyumbani ni sawasawa, na atakuwa hajakosea hesabu.

Tena kuna jambo la mwisho ambalo si dogo. Huko Uingereza, Universal Credit ya wanandoa kwa kawaida huingia kwenye akaunti moja, na watetezi wa wanawake wamelalamika kwamba mwenye mkono mgumu ndiye anayeishika. Kwetu itakuwa laini ya M-Pesa. Sheria ikiandikwa na kuacha tu neno "nyumba", pesa itatumwa kwa laini ya mume hata pale mke ndiye mwombaji, na mwanamke aliyepoteza kazi atabaki kuomba nauli ya kwenda kutafuta nyingine. Tukilazimika kuhesabu nyumba, basi malipo yagawanywe nusu kwa nusu na kutumwa kwa laini mbili, na hilo liandikwe ndani ya sheria yenyewe, lisiachiwe kanuni za waziri.